Maji ya Ugenini Hayafuati Saa ya Kwetu

Wengi wetu tukisikia neno likizo huwaza kulala hadi jua litoke na kutumwa dukani. Leo nataka nikueleze likizo ya namna nyingine: familia kuingia garini na mahema yake, kuvuka maji na kwenda kulala kwenye kisiwa cha mchanga. Mimi mwenyewe sijafika huko. Ila ratiba ya safari hii niliiandika kwa mkono wangu, baada ya kuona hasara ya kusafiri bila ratiba.

Kisiwa chenyewe ni K'gari. Kiko Australia, katika jimbo la Queensland, kaskazini mwa jiji la Brisbane anakoishi mjomba wangu. Kwa miaka mingi ramani zilikiita Fraser, lakini mwaka 2023 jina la asili la wenyeji wake, watu wa Butchulla, lilirudishwa rasmi. Hakuna kisiwa cha mchanga kikubwa kuliko hicho duniani. Urefu wake unapita kilomita 120, na tangu mwaka 1992 kimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ajabu ni kwamba juu ya mchanga huo imeota misitu ya miti mirefu, na kuna maziwa ya maji matamu zaidi ya 40.

Usitafute barabara ya lami ya kukuzungusha kisiwani. Barabara kuu ni ufuo wenyewe wa upande wa mashariki. Sheria za barabara zipo vilevile: unashika kushoto kama hapa Kenya, na spidi haipiti kilomita 80 kwa saa. Hata ndege ndogo hutua papo hapo ufuoni. Sasa fikiria barabara ambayo mara mbili kwa siku bahari huja ikaifunika! Hapo ndipo mjomba alipoumia.

Mjomba ni mtoto wa mvuvi, kazaliwa hapa hapa Kilifi. Safari yake ya kwanza, yeye na mkewe na watoto wao wawili walishuka kwenye feri upande wa kisiwani saa kumi na moja jioni. Mwezi ulikuwa mpevu. Huku kwetu mwezi ukiwa mpevu maji hujaa mnamo saa kumi jioni, kisha huanza kupwa. Basi mjomba akapiga hesabu aliyofunzwa na Babu: saa kumi imepita, maji yanarudi, njia ni yetu. Akasimama kupiga picha, akaendelea polepole, na upepo wa magurudumu hakuupunguza.

Kumbe kule mwezi ukiwa mpevu maji hujaa saa mbili usiku na zaidi! Wakati yeye anadhani yanapwa, yalikuwa yanapanda. Maji yakamsukuma juu kwenye mchanga laini, gari likazama hadi ekseli. Wavuvi waliopiga kambi karibu wakaja mbio na kamba, lakini giza lilikuwa limeshaingia na mawimbi yalikuwa yanapiga milango. Wakawatoa watoto kupitia dirishani. Gari likanywa maji ya chumvi usiku kucha. Injini haikuwaka tena, na mkopo wa gari hilo mjomba analipa hadi leo. Mtoto wake wa miaka sita akawa haogi hata kwenye beseni bila kulia.

Babu alipopata habari alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hesabu ni yangu, lakini bahari si yangu." Mjomba alipotaka kwenda mara ya pili, mkewe aliapa kwamba hatatia mguu mpaka Babu aipitishe ratiba. Babu akanikabidhi kalamu. Haya ndiyo tuliyoyapanga.

Kwanza kabisa ni maji. Usianze na gari, wala chakula, wala hema. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hupanda sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayapwi sana, lakini pia hayajai sana. Hayo ni kweli pwani zote mbili, ya kwetu na ya kule. Kinachobadilika ni saa, kwa hiyo ni lazima utafute jedwali la maji la mahali penyewe. Kisha kuna kanuni ya kule: usiendeshe ufuoni saa mbili kabla ya maji kujaa hadi saa mbili baada ya kujaa.

Babu akachagua maji mafu. Jedwali likaonyesha kwamba siku ya kwenda maji yatakupwa saa nne asubuhi, yaani yatajaa karibu saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni. Ondoa saa mbili kila upande, njia iko wazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Siku ya kurudi, baada ya kulala mara tatu, maji yatakuwa yamechelewa kwa dakika 150. Basi njia itafunguka karibu saa mbili na nusu asubuhi na kufungwa saa kumi na nusu jioni. Hesabu hii hata mwanafunzi wa shule anaiweza, na ingeokoa gari zima.

Pili ni gari. Ni lazima liwe la kusukumwa na magurudumu yote manne, na kibali chake kinunuliwe mapema pamoja na kibali cha kambi. Kabla ya kugusa mchanga punguza upepo wa magurudumu hadi presha 20 hivi. Gurudumu likilegea hutanuka chini, uzito ukasambaa, likakanyaga kama mguu wa ngamia. Ukirudi kwenye lami ulijaze tena, kwa hiyo beba pampu, sepetu na kamba ya kuvutia.

Tatu ni watoto. Kisiwani kuna mbwa wa porini waitwao dingo. Wapo waliozoea kupewa makombo na wageni, na mnyama akishazoea hivyo huacha kuogopa watu. Mwaka 2001 dingo walimuua mvulana wa miaka 9. Kwa hiyo tuliandika kwa herufi kubwa: kambi iwe yenye ua, chakula kifungiwe garini, mtoto asiachwe hatua tatu nyuma, na mtu asimpe dingo hata mfupa. Kuoga ni kwenye maziwa na vijito, bila sabuni. Baharini hapana, kuna mikondo mikali na papa.

Nne ni moto. Oktoba 2020 watu waliwasha moto wa kambi kinyume cha sheria, ukaunguza zaidi ya nusu ya kisiwa. Mjomba akaambiwa abebe jiko la gesi, na aliwashe panaporuhusiwa tu.

Wakaondoka nyumbani usiku wa manane, wakafika kisiwani saa tatu asubuhi, maji yakiwa bado yanapwa. Saa sita mchana mahema yalikuwa yamesimama. Siku ya pili mjomba akatutumia picha: yule binti wa miaka sita amesimama kwenye ziwa Boorangoora, maji yanamfika magotini, na anacheka. Babu aliitazama picha hiyo, akairudisha simu, akasema anaenda kuangalia ngalawa yake. Mimi niliona alivyofuta macho.

Wenzangu, wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi naongeza kidogo: hata maji unayoyajua, ukienda ugenini yaulize upya. Mjomba hakuponzwa na ujinga. Aliponzwa na ujuzi wa nyumbani aliouamini mno, akaacha kusoma karatasi moja iliyobandikwa pale kwenye feri.