Je, Aliyeokoka Anaweza Kupotea?



Wiki iliyopita dada mmoja jirani yangu hapa Malvern, Mtanzania mwenzangu, alinipigia simu analia. Kijana wake ameacha kwenda kanisani, na kwenye maombi kaambiwa habari imekwisha: kwa Waebrania 6:4-6, aliyeanguka harudi tena. "Kaka, wewe umesoma. Mwanangu ndiyo basi?"

Mimi ni mtu wa isimu, si mchungaji. Lakini swali hili lina isimu ndani yake.

Sisi tuliolelewa na Uamsho, ule wa Gahini, Rwanda, wa miaka ya 1930 ukafika hadi kwetu Bukoba, tunasema "nimeokoka". Kitazame hicho kitenzi. Ni kama "kikombe kimevunjika": hali inatajwa, mtendaji hatajwi. Ukikizoea, wokovu unakuwa mali yako ya kulinda mwenyewe, na kesho "unarudi nyuma". Paulo katika Waefeso 2:8 katumia kauli ya kutendwa, na Union Version ya 1952 imemfuata: mmeokolewa. Yupo aliyeokoa. Yohana 10:28-29 nayo inaweka kondoo mkononi mwa mwenyewe. Ila Paulo huyo huyo anasema pia tunaookolewa (1 Wakorintho 1:18) na tutaokolewa (Warumi 5:9). Anayeshika wakati mmoja tu wa kitenzi anatupunja, awe wa upande wa Calvin au wa Wesley.

Sasa Waebrania. King James ya 1611 iliweka "kama" wakianguka. Kigiriki hakina "kama" hiyo, na Kiswahili chetu kikatumia -ka- ya mfululizo, barabara kabisa (nilifurahi, nakiri). Kwa hiyo onyo ni zito, tusilichuje. Lakini anayeonywa ni nani? Mstari wa 6 unazungumzia watu wanaomsulubisha Mwana wa Mungu upya na kumfedhehesha hadharani. Na mstari wa 9 mwandishi anawaita wasomaji wake wapenzi, anasema ana hakika na mambo mema zaidi juu yao. Anawashika wasiondoke, hawafungii mlango.

Kijana huyu anapakia mizigo usiku ghalani, Jumapili asubuhi amelala. Petro alimkana Bwana mara tatu, na katika Yohana 21 akakabidhiwa kondoo.

Nilimweleza dada hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha: "Sasa mbona wao hawakufika mstari wa tisa?" Ameniomba nipite Jumamosi jioni, kijana akiwa macho. Nitakwenda.