Kupungua Polepole: Utangulizi wa Elimu ya Ulaji wa Wanga Kidogo

Kijitabu kilichoitangaza elimu hii kwa umma hakikuandikwa na daktari. Kilitoka London mwaka 1863, na mwandishi wake, William Banting, alikuwa mzee wa miaka 66 ambaye riziki yake ilitokana na kusimamia mazishi ya wakubwa. Alikuwa mfupi mwenye kilo 92 hivi. Kuinama kufunga kamba za viatu kulimshinda, na ngazi alizishuka kinyumenyume ili miguu isimuume. Alikwishajaribu kupiga makasia, kupanda farasi, kutumia maji ya chemchemi na kumeza dawa za kila namna. Makasia yalimzidishia njaa tu. Kilichomfikisha kwa aliyemsaidia yalikuwa masikio: alianza kuwa kiziwi, akaenda kwa tabibu wa masikio, William Harvey, ambaye alikuwa amesikiliza mihadhara ya Paris juu ya ini na kisukari. Harvey akamkataza mkate, viazi, sukari, maziwa, siagi na bia. Akamwachia nyama, samaki, mboga, matunda kidogo na divai kwa kiasi ambacho leo hakuna mwanalishe angekitia sahihi.

Banting alipungua kilo 21 hivi kwa mwaka na ushei. Ukigawanya kwa wiki, unapata chini ya nusu kilo. Leo angekwenda hivyo, jamaa zake wangemwambia kwamba dayati imemkataa.

Namtanguliza mzee huyu kwa sababu ndiye kielelezo cha msomaji ninayemwandikia: mtu mzima, mwenye maradhi zaidi ya moja, anayepungua taratibu na kuulizwa kila siku mbona haoneshi mabadiliko. Karibu uingie, uwe muuguzi, mwanafunzi wa lishe, daktari wa wilaya au mwenye sukari anayetaka kujua kinachotendeka mwilini mwake. Mlango wa elimu hii hauhitaji kemia nyingi. Unahitaji mizani ya jikoni, daftari na subira ya kusoma tafiti hadi mwisho badala ya kuishia kwenye kichwa cha habari.

Tuanze na vipimo, maana hapo ndipo ubishi mwingi huzaliwa. Watafiti wengi huita ulaji kuwa wa wanga kidogo ukiwa chini ya gramu 130 za wanga kwa siku, na wa wanga kidogo sana ukiwa kati ya gramu 20 na 50, kiwango ambacho ini huanza kutengeneza ketoni kwa wingi na ubongo kuzitumia kama nishati. Sasa chukua robo kilo ya unga wa sembe. Mtu wa kazi za nguvu humaliza ugali wake kwa siku bila kujiona mlafi. Katika unga huo mkavu mna wanga wa gramu 190 hivi. Ugali peke yake umekwishavuka mpaka, kabla ya chai ya asubuhi yenye vijiko viwili vya sukari, kabla ya andazi, kabla ya soda ambayo chupa yake ya mililita 350 kwa kawaida hubeba sukari ya gramu 35 hadi 40. Upande wa pili wa sahani hali ni nyingine kabisa. Yai halina wanga wa kuhesabika, dagaa hawana, mchicha uliopikwa hauzidi gramu tano kwa kila gramu 100, na parachichi, pamoja na utamu wake, sehemu kubwa ya wanga wake ni nyuzinyuzi ambazo mwili hauzigeuzi kuwa sukari.

Takwimu za namna hii zipo kwa vyakula vyetu wenyewe. Tanzania ilichapisha majedwali ya virutubishi vya vyakula vyake mwaka 2008, Kenya ikatoa ya kwake mwaka 2018. Humo mna kisamvu na muhogo, mna ndizi za kupika na matembele. Mwanafunzi anayekariri gramu za brokoli huku hajui za kisamvu ameanza masomo kwa kurudi nyuma.

Kinachotokea mwilini wanga unapopunguzwa hakina uchawi. Ini na misuli vina akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, nusu kilo hivi kwa mtu mzima, na kila gramu yake imeshikana na maji ya gramu tatu hivi. Akiba hiyo ikitumika, maji yake hutoka kwa mkojo. Ndiyo maana wiki ya kwanza watu hushuka kilo moja, mbili, hata tatu, wakashangilia. Wiki ya tatu mizani ikagoma, wakanuna. Walichopoteza mwanzoni kilikuwa maji kwa sehemu kubwa, na mafuta hutoka kwa mwendo mwingine. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kilokalori 7,700 hivi, na mtu anayejipunguzia kilokalori 500 kila siku atahitaji takribani wiki mbili kuimaliza, tena kwa hesabu ya karatasi tu, kwa kuwa mwili nao hujibana matumizi kadiri unavyopungua. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia washiriki 14 wa shindano moja la runinga la Marekani la kupunguza unene. Miaka sita baada ya shindano, miili yao ilikuwa bado inachoma kilokalori 500 hivi pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao.

Kwa nini hasa wanga kidogo humpunguza mtu? Hapa wanazuoni wamegawanyika, na mgeni ni vizuri aujue mgawanyiko huo mapema asije akadhani kila kitabu kinasema kweli yote. Upande mmoja, ambao msemaji wake maarufu ni David Ludwig, hushika insulini: wanga mwingi hupandisha homoni hii, nayo hufungia mafuta kwenye hifadhi yake na kumwacha mtu na njaa. Upande wa pili, aliko Hall, husema kinachoamua ni jumla ya nishati, na kwamba wanga kidogo humsaidia mtu kwa kuwa protini hushibisha na vyakula vilivyokobolewa huondoka mezani. Mwaka 2021 Hall alionesha kwamba watu 20 waliowekwa wodini kwa mwezi mmoja walikula kilokalori chache zaidi walipopewa vyakula vya mimea vyenye mafuta kidogo kuliko walipopewa vyakula vya ketoni, ingawa kwa hivi vya pili insulini yao ilikuwa chini. Mimi naegemea upande wa Hall kuhusu sababu, na upande wa Ludwig kuhusu mgonjwa wa sukari, ambaye kwake kupanda kwa glukosi baada ya mlo ni tatizo linalojitegemea, apungue asipungue.

Majaribio ya muda mrefu yanapoza joto la pande zote mbili. Mwaka 2003 Gary Foster na wenzake waliwafuatilia watu 63: baada ya miezi sita wa wanga kidogo walikuwa wamepungua zaidi kuliko wenzao, na mwaka ulipotimia tofauti haikuwa tena ya kutegemewa. Mwaka 2018 Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa matokeo ya watu 609. Waliopunguza mafuta walishuka kwa wastani kilo 5.3 kwa mwaka, waliopunguza wanga kilo 6.0. Wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba hakuna jipya. Mimi huwaambia wanafunzi waangalie nyuma ya wastani, kwa sababu katika kila kundi kulikuwa na aliyepungua karibu kilo 30 na aliyeongezeka karibu kilo 10. Watu wa ulaji mmoja, ushauri mmoja, mwaka mmoja! Elimu hii inaishi ndani ya pengo hilo.

Vipi kuhusu mwendo wenyewe? Tumezoea kuambiwa kwamba anayepungua polepole harudi alikotoka. Jaribio la Melbourne lililochapishwa mwaka 2014 liliutikisa usemi huo. Watu 204 waligawanywa, wengine wapungue kwa wiki 12, wengine kwa wiki 36. Wa haraka walilifikia lengo kwa wingi zaidi, na karibu miaka mitatu baadaye makundi yote mawili yalikuwa yamerudisha takribani asilimia 71 ya uzito waliopoteza. Kwa hiyo upole si kinga. Anayeuza upole kama kinga anauza asichokuwa nacho.

Basi mbona elimu hii naikabidhi kwa wanaokwenda polepole? Kwa sababu ya maradhi, na hapa naomba msomaji akae.

Chukua mama wa miaka 58 mwenye sukari, presha na magoti mabovu. Asubuhi anameza glibenclamide na vidonge viwili vya presha. Jirani anamwambia aache ugali, wali na chapati kuanzia kesho. Anaacha. Dawa ya sukari haijui kwamba ugali umeondoka. Inaendelea kuikamua kongosho itoe insulini, na saa tano asubuhi mama anatetemeka, jasho linamtoka, maneno yanamgongana. Nyumbani watasema kazidiwa na sukari. Hasha: sukari imemwishia. Wiki inayofuata presha nayo imeshuka, kwa kuwa chumvi na maji vimetoka, akisimama kizunguzungu kinamwangusha. Ulaji haukumdhuru mama huyu, wala dawa. Kilichomdhuru ni viwili hivyo kukutana bila mtu wa kuvisimamia. Anayetumia insulini yumo katika hatari hiyohiyo, na anayetumia dapagliflozin au empagliflozin ana hatari ya pekee: damu yake inaweza kujaa asidi ya ketoni huku kipimo cha kidoleni kikionesha sukari ya kawaida. Metformin peke yake mara chache huleta balaa la kushusha sukari.

Mama huyo akipunguza matonge kidogokidogo, akapima sukari asubuhi na baada ya kula, daktari anapata nafasi ya kupunguza dozi hatua kwa hatua. Hapo mwendo wa pole ni sharti la tiba.

Kuna pia dawa zinazovuta upande wa pili. Prednisolone humwongezea mtu hamu ya kula na mafuta ya tumboni. Olanzapine, amitriptyline, valproate na insulini yenyewe hupandisha uzito. Jaribio la ADVANCE la Johannesburg, lililotoka mwaka 2019, lilionesha kwamba waliotumia dawa za VVU zenye dolutegravir waliongezeka uzito kuliko waliotumia efavirenz, hasa wanawake, na dolutegravir ndiyo wanayotumia wagonjwa wengi Afrika Mashariki leo. Mtu wa namna hii akibaki pale alipo mwaka mzima bila kuongezeka, mimi kwenye daftari langu namwandikia ushindi. Tezi ya thairoidi iliyolegea, ukomo wa hedhi, maumivu yanayozuia kutembea, vyote hukata mwendo. Kumwita mtu huyo mvivu ni ujinga wa kitaalamu, nao umeenea kliniki zetu kuliko tunavyopenda kukiri.

Tena faida haingoji kilo nyingi. Mpango wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliochapishwa mwaka 2002, uliwalenga watu wapungue asilimia saba tu ya uzito na wafanye mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Kisukari kipya kilipungua kwa asilimia 58 kikilinganishwa na kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa mwenye kilo 90, asilimia saba ni kilo sita na ushei.

Afrika haikuwa mtazamaji katika historia hii. Miaka ya 1960 George Mann aliwachunguza Wamasai wa Tanganyika, watu wa maziwa na nyama, akawakuta na kolesteroli ya chini. Wahubiri wa ketoni wanampenda sana, lakini hawapendi kutaja kwamba waliochunguzwa walikuwa wembamba wanaotembea kutwa na mifugo. Ushahidi huo haumhusu karani mwenye kitambi. Afrika Kusini, ambako ulaji huu hadi leo huitwa Banting, Profesa Tim Noakes alishtakiwa mbele ya baraza la taaluma za afya kwa ushauri alioutoa mtandaoni kuhusu chakula cha mtoto mchanga, akaachiwa mwaka 2017, rufaa ikashindwa mwaka 2018. Kesi ile ilizaa kelele nyingi kuliko elimu.

Kazi kubwa iliyobaki iko jikoni kwetu. Ulaji unaohubiriwa mitandaoni ni wa jibini, siagi na unga wa lozi, vitu vya mwenye nacho. Wetu utakuwa wa dagaa, mayai, karanga, sukuma wiki, kisamvu cha nazi, na maharage kwa kiasi, kwa kuwa nayo yana wanga ingawa wake huingia damuni taratibu. Na utaliwa wapi? Kwenye sinia la pamoja, ambako hakuna anayejua amekula gramu ngapi. Kwenye futari ya mihogo, viazi vitamu na tambi, ambako kukataa ni kumvunjia heshima aliyepika. Hapo kipimo ni tonge, na tonge la mvuvi na la mwanafunzi wa chuo hayalingani.

Kwa hiyo kabla hujafungua sura ya kwanza, fanya mambo mawili. Pima unga unaoingia sufuriani kwenu kwa siku moja, ugawe kwa idadi ya walaji, uandike. Kisha orodhesha kila dawa unayomeza, wewe au unayemhudumia, na kwa anayetumia dawa za kisukari au presha, orodha hiyo ifike kwa daktari kabla tonge la kwanza halijapunguzwa.