Watani wa jadi wa Carolina na fedha za Machi

Zilibaki sekunde 4.1 katika nusu fainali ya mashindano ya mpira wa kikapu ya Atlantic Coast Conference, yaani ACC, jumuiya ya vyuo vya Marekani, usiku wa Machi 14, 2025 mjini Charlotte. North Carolina, waliokuwa wameachwa kwa pointi 24, walikuwa wamerudi hadi tofauti ya pointi moja dhidi ya Duke. Mtupo huru ukazama wavuni, ingekuwa 72-72. Lakini filimbi ilikuwa imeshalia: mchezaji mmoja wa North Carolina alikanyaga ndani ya mstari kabla mpira haujatoka mikononi mwa mwenzake. Pointi ikafutwa, na Duke wakaondoka na ushindi wa 74-71, tena bila nyota wao Cooper Flagg, aliyekuwa ameteguka kifundo cha mguu siku iliyotangulia.

Siku mbili baadaye North Carolina walitajwa miongoni mwa timu za mwisho kabisa kupenya kwenye mashindano ya taifa ya timu 68, ingawa katika mechi 13 dhidi ya wapinzani wa daraja la juu walikuwa wameshinda moja tu. Wakaichapa San Diego State 95-68 katika mchujo wa Dayton, kisha wakatolewa na Mississippi 71-64. Mechi mbili hizo zina bei. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, huilipa jumuiya ya timu fungu moja kwa kila mechi inayocheza isipokuwa fainali, na fungu moja lina thamani ya takriban dola milioni 2, zinazotolewa kwa awamu ndani ya miaka sita. Kwa hiyo chuo kilichokuwa ukingoni kiliiingizia jumuiya yake mafungu mawili, wakati vyuo vilivyoachwa nje havikuziongezea jumuiya zao hata fungu moja.

Ndiyo sababu mechi ya watani hawa wa jadi inastahili kutazamwa na jicho la uchumi. Thamani yake haimilikiwi na Duke wala North Carolina. Wanaimiliki wote wawili, kwa sababu hakuna anayeweza kuiuza peke yake. Na kila mwenye nguvu katika biashara hii, kuanzia televisheni hadi serikali ya jimbo, anajenga juu ya mali hiyo ya pamoja.

Mtaji wa umbali wa kilomita 16

North Carolina kilichopo Chapel Hill ni chuo cha umma kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1795. Duke, mjini Durham, ni chuo binafsi kinachobeba jina la ukoo uliotajirika kwa tumbaku: James B. Duke alianzisha mfuko wa dola milioni 40 mwaka 1924, na chuo kilichokuwa kikiitwa Trinity kikabadilishwa jina. Kati yao kuna takriban kilomita 16 za barabara. Wahitimu wao wanafanya kazi katika ofisi zilezile, wanaoana, wanakaa mtaa mmoja. Katika kikapu, North Carolina wana mataji 6 ya taifa na Duke 5. Ukaribu huo wa makazi na wa uwezo ndio uliozalisha bidhaa.

Kilichoifanya bidhaa hiyo kuwa ghali ni uhaba. ACC iliundwa 1953, na mashindano yake ya kwanza yalifanyika Raleigh mwaka 1954. Kwa miaka mingi bingwa wa mashindano hayo peke yake ndiye aliyeruhusiwa kwenda kugombea ubingwa wa taifa. Timu iliweza kutamba msimu mzima na kupoteza yote ndani ya siku tatu. Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa 1974 mjini Greensboro: Maryland, moja ya timu bora za nchi nzima, ilifungwa 103-100 na NC State katika muda wa nyongeza na msimu wake ukaishia hapo. NC State wakaenda kutwaa ubingwa wa taifa. Mwaka uliofuata NCAA ilipanua mashindano hadi timu 32 na kuruhusu jumuiya moja kupeleka zaidi ya timu moja.

Uhaba huo uliwafundisha watu wa Carolina kuipa wiki ya mashindano uzito wa sikukuu. Ijumaa ya robo fainali walimu walikuwa wakisukuma televisheni hadi darasani ili watoto waone mechi za mchana. Kampuni ingelipa fedha nyingi kupata utii wa namna hiyo kwa wateja wa miaka kumi. ACC iliupata bure.

Tiketi zisizofika dirishani

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miongo kadhaa tiketi za mashindano ya ACC hazikuuzwa kwa umma hata kidogo. Ziligawiwa vyuo, na vyuo vikazigawa kwa wachangiaji wao: Rams Club upande wa North Carolina, Iron Dukes upande wa Duke. Aliyetaka kiti alitakiwa kwanza kuwa mchangiaji, na nafasi yake katika foleni ilitegemea ukubwa na umri wa mchango wake.

Huo ndio uti wa mgongo wa biashara yenyewe. Bei iliyochapwa kwenye tiketi ilikuwa sehemu ndogo ya gharama. Fedha kubwa ilipita katika michango. Ukumbi wa Dean Smith Center wenye viti 21,750, uliofunguliwa Januari 1986 kwa mechi dhidi ya Duke, ulijengwa kwa fedha za wachangiaji binafsi. Serikali kuu nayo ilisaidia kimyakimya: hadi mwisho wa 2017, mtu aliyechangia ili apate haki ya kununua kiti aliruhusiwa kuondoa asilimia 80 ya mchango huo katika hesabu ya mapato yanayotozwa kodi. Sheria ya kodi ya mwaka huo ilifuta unafuu huo.

Wanafunzi wa Duke wanalipa kwa sarafu nyingine, ambayo ni muda. Ukumbi wa Cameron Indoor una viti 9,314 tu, na mechi ya North Carolina inapokaribia, nyasi zilizo mbele yake hujaa mahema. Hema moja huandikisha hadi watu 12 wanaopeana zamu, baridi ya Januari ikiwa imeshika. Usiku wasimamizi wa foleni, ambao nao ni wanafunzi, hupiga king'ora na kuita majina. Hema ambalo watu wake hawapo hupoteza nafasi. Tiketi haiwagharimu dola hata moja. Lakini kelele zao ndizo zinazosikika sebuleni mwa mtazamaji, na kelele hizo zimo ndani ya bei ambayo kituo cha televisheni kinalipa.

Kutoka bima hadi mabilioni

Televisheni iliigundua Carolina mapema. Mwaka 1957 North Carolina waliifunga Kansas ya Wilt Chamberlain 54-53 baada ya vipindi vitatu vya nyongeza, na mtayarishaji C.D. Chesley akairusha mechi hiyo kwa watazamaji wa nyumbani. Mapokezi yalimwonyesha kwamba kuna soko. Akaanza kurusha mechi za ACC kwa mtandao wa vituo vya eneo hilo, mdhamini mkuu akiwa kampuni ya bima ya Pilot Life ya hukohuko Greensboro.

Leo haki za ACC ziko mikononi mwa ESPN kwa mkataba unaofika 2036, na chaneli maalumu ya jumuiya hiyo ilianza Agosti 2019. Mapato ya ACC kwa mwaka yamevuka dola milioni 700. Juu yake kuna mashindano ya taifa: mkataba wa CBS na Turner wa 2010 ulikuwa wa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14, na mwaka 2016 uliongezwa hadi 2032 kwa dola bilioni 8.8 nyingine. Mafungu ya NCAA yanatoka kwenye chungu hicho.

Hapo ndipo udhaifu wa ACC unapoonekana. Mwaka 2025 jumuiya hiyo ya vyuo 18 iliingiza timu 4 tu kwenye mashindano ya taifa, wakati jumuiya jirani ya SEC iliingiza 14. Timu chache maana yake ni mafungu machache. Duke walipowatoa North Carolina walikuwa karibu kuipunguzia jumuiya yao mshiriki mmoja kati ya hao wanne. Katika biashara hii ushindi wa mmoja unaweza kuwa hasara ya wote.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Miji nayo imo mashindanoni. Greensboro, wenye ukumbi unaomilikiwa na manispaa, umeandaa mashindano haya mara nyingi kuliko mji mwingine wowote, na kwa wiki moja ya Machi hoteli, mikahawa na maegesho yake yaliishi kwa wageni hao. Lakini ACC ilitaka masoko makubwa: Brooklyn, Washington, Charlotte. Mwaka 2023 makao makuu ya jumuiya yalihamishwa kutoka Greensboro hadi Charlotte, baada ya serikali ya jimbo kutenga dola milioni 15 kwa masharti ya kubaki North Carolina na kuleta mashindano jimboni. Umma, kwa maneno mengine, umelipia kubakiza nyumbani kitu kilichozaliwa nyumbani.

Nani alivuja jasho?

Februari 20, 2019, chini ya dakika moja baada ya mechi ya watani hawa kuanza, kiatu cha Nike cha Zion Williamson wa Duke kilipasuka na goti likateguka. Siku iliyofuata hisa za Nike zilishuka kwa takriban asilimia 1, sawa na zaidi ya dola bilioni 1 ya thamani ya kampuni. Machi 15, kwenye nusu fainali ya ACC mjini Charlotte, kijana huyo alikutana tena na wapinzani walewale, akafunga pointi 31, na Duke wakashinda 74-73. Kwa kazi hiyo kanuni zilimruhusu kupokea ufadhili wa masomo na gharama za kuishi, basi.

Mahakama ndizo zilizobadilisha hesabu hiyo. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, na Julai 1 wachezaji wakaruhusiwa kujiingizia fedha kwa jina na sura zao. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House: fidia ya takriban dola bilioni 2.8 kwa wanamichezo wa nyuma, na ruhusa kwa kila chuo kugawa hadi takriban dola milioni 20.5 kwa wanamichezo wake katika mwaka wa kwanza. Vyuo vimejipanga kama makampuni. Duke walimwajiri Rachel Baker kuwa meneja mkuu wa timu ya kikapu mwaka 2022. North Carolina wakafuata 2025 kwa kumchukua Jim Tanner, aliyekuwa wakala wa wachezaji wa kulipwa.

Soko hili jipya lina tabaka lake la chini, nalo linatuhusu. Katikati ya ngome ya Duke msimu wa 2024-25 alisimama Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyelelewa Kawempe, Kampala, na aliyeichezea City Oilers ya Uganda kwenye ligi ya Afrika ya BAL. Viza ya masomo inabana mno kazi za malipo kwa wageni, hivyo mikataba ya matangazo iliyo wazi kwa wenzake ni mtego kwa mchezaji kama yeye. Aprili 5, 2025, siku Duke walipofungwa 70-67 na Houston katika nusu fainali ya taifa, serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza za wenye pasipoti za Sudan Kusini. Maluach alichaguliwa wa 10 katika uteuzi wa NBA mwezi Juni na sasa analipwa. Vijana wengi wa Afrika Mashariki walio katika vyuo vidogo hawatafika huko, na haki yao inahitaji kanuni iliyo wazi.

Mali isiyopaswa kutapanywa

Tishio kubwa kwa mechi hii linatoka uwanja mwingine. Futiboli ya Kimarekani ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya fedha za televisheni, na ndiyo iliyoendesha maamuzi ya miaka ya karibuni: kuwaingiza Stanford, California na SMU mwaka 2024, kisha makubaliano ya Machi 2025 na Florida State na Clemson yanayogawa asilimia 60 ya fedha za televisheni kwa kigezo cha watazamaji, na kushusha faini ya kujitoa ACC hadi dola milioni 75 ifikapo 2030-31. Hata North Carolina, chuo cha kikapu, kilimwajiri Bill Belichick kufundisha futiboli kwa dola milioni 10 kwa mwaka.

Enzi za vyuo vinane kila timu ilikutana na kila mpinzani mara mbili, nyumbani na ugenini. Leo jozi chache tu zinalindwa, na Duke dhidi ya North Carolina ni mojawapo. Ulinzi huo usiguswe. Faini ya kujitoa ikishuka, kila chuo kitapiga hesabu ya kuondoka, na hesabu hizo hupigwa chuo kimoja kimoja. Mechi hii haiingii katika hesabu ya namna hiyo, kwa sababu anayehama anaacha nusu ya mali nyuma yake.

Viongozi wa ACC wana mambo matatu ya kufanya kabla ya 2030: kuandika katika mkataba kwamba watani hawa watakutana mara mbili kila msimu hata mmoja wao akihama, kuhakikisha wachezaji wa kikapu wanapata sehemu ya mgao inayolingana na fedha wanazoingiza, na kuyarudisha mashindano Greensboro mara kwa mara, mahali ambapo watu waliyathamini kabla hayajawa na bei. ESPN inaweza kununua haki za kuionyesha mechi hii. Sababu ya watu kuitazama ilijengwa kwa miaka 70 na majirani wa Durham na Chapel Hill, na hakuna mkataba wa televisheni unaoweza kuijenga upya ikishavunjika.