Sayari ya Moto Yenye Ukubwa wa Neptuni

Neptuni, sayari ya mwisho katika jamii ya Jua letu, ilionekana kwa darubini huko Berlin mwaka 1846, baada ya Le Verrier wa Ufaransa kukokotoa kwa kalamu mahali ilipopaswa kuwa. Iko kiasi cha kilomita milioni 4,500 kutoka kwenye Jua, nayo huchukua miaka 165 kulizunguka mara moja. Ni kubwa, imefunikwa na hewa nzito ya haidrojeni na heli, na baridi yake haina mfano duniani. Basi na afikirie msomaji sayari ya ukubwa huo huo ambayo mwaka wake ni siku 2 na saa 15 hivi, na joto lake hupita nyuzi 400 za Selsiasi.

Sayari hiyo iko, nayo huitwa Gliese 436 b. Iligunduliwa mwaka 2004 na wanafalaki wa Marekani wakiongozwa na Butler. Nyota yake ni kibete nyekundu katika kundi la Asadi, yaani Simba. Tungamo lake halifiki nusu ya lile la Jua, wala haionekani kwa macho matupu, ingawa nuru yake hutufikia kwa muda wa miaka 32 tu. Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki umekwisha kuipa nyota hiyo jina Noquisi, na sayari Awohali, maneno ya lugha ya Wacherokee. (Katika shindano la mwaka 2019 nchi zetu nazo zilipata zamu: Kenya ilitoa majina Kalausi na Buru, na Tanzania Mpingo na Tanzanite, kwa nyota na sayari nyingine.)

Kila nifundishapo habari hizi huulizwa swali moja: "Mwalimu, ni nani aliyeiona?" Swali ni la haki, na jibu ni kwamba waliotoa habari hizi hawakuiona sayari yenyewe, walichopima ni nuru ya nyota. Sayari na nyota huvutana, na zote mbili huzunguka kitovu kimoja cha uzito. Kwa hiyo nyota nayo huyumba, mara ikitujia, mara ikituondokea, na rangi za nuru yake husogea kidogo kuelekea buluu, kisha kuelekea nyekundu. Mwendo uliopimwa hapa ni kiasi cha mita 18 kwa sekunde, yaani kilomita 65 kwa saa: mwendo wa basi lisilo na haraka. Kuupima mwendo wa basi kwa umbali ambao nuru huusafiri miaka 32 si jambo dogo.

Hata hivyo kipimo hicho peke yake hutoa tungamo la chini kabisa tu, kwa sababu hatujui njia ya sayari imelala upande gani. Fundo hilo lilifunguliwa mwaka 2007, Gillon na wenzake walipoona kwamba kila baada ya siku 2.64 sayari hupita mbele ya nyota na kuipunguzia nuru kwa asilimia 0.7 hivi. Hapa mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuendelea mwenyewe. Nuru inayozibwa hulingana na eneo la duara, na eneo hulingana na mraba wa nusu kipenyo. Kipeo cha pili cha 0.007 ni karibu 0.083. Nusu kipenyo cha nyota ni kama kilomita 300,000. Zidisha, upate kilomita 25,000, karibu sawasawa na Neptuni, na mara 3.9 ya Dunia. Tungamo nalo ni kama mara 22 ya Dunia. Gawanya 22 kwa mchemraba wa 3.9, kisha zidisha kwa 5.5, ambao ndio msongamano wa Dunia: jibu ni gramu 2 kwa kila sentimita ya ujazo.

Jibu hilo latufundisha mengi, lakini si yote. Jiwe tupu lingekuwa zito zaidi, na haidrojeni tupu ingekuwa nyepesi zaidi. Lakini kiini cha mwamba chenye blanketi nene la hewa, au mchanganyiko wa maji mengi na hewa kidogo, vyote viwili vyaweza kutoa gramu 2. Mwenye kusema kwa hakika kilichomo ndani kwa kutegemea hesabu hii peke yake anadai zaidi ya alichopima.

Umbali kati ya sayari na nyota yake ni kilomita milioni 4.3, kama mara 11 tu ya umbali wetu na Mwezi. Hewa iliyo karibu na moto namna hiyo hukaaje? Mwaka 2015 darubini ya Hubble ilionyesha kwamba haikai yote. Katika miale ya urujuanimno inayofyonzwa na haidrojeni, nyota hupoteza zaidi ya nusu ya nuru yake, si asilimia 0.7. Wingu kubwa la haidrojeni huitoka sayari na kuburura mkia kama wa kimondo chenye mkia. Ilikadiriwa kwamba hutoweka tani 100 hadi 1,000 kila sekunde. Msomaji asiihurumie haraka: hata kwa tani 1,000, katika miaka bilioni moja hasara haifiki sehemu moja katika 4,000 za tungamo lote. Sayari ndogo zilizo karibu zaidi na nyota kali zaidi hazina bahati hiyo, na yawezekana ndiyo sababu sayari za ukubwa wa Neptuni ni adimu sana karibu kabisa na nyota zao. Wanafalaki hupaita mahali hapo jangwa la Neptuni, na Gliese 436 b imo ukingoni mwake.

Limebaki tatizo la njia yake. Kwa ukaribu huo, kujaa na kupwa kunakosababishwa na nyota kungalipaswa kuifanya njia iwe duara kamili zamani sana. Kumbe ni ya yai kidogo. Tena mwaka 2018 ilielezwa kwamba sayari hupita karibu juu ya ncha za nyota, badala ya kufuata ikweta yake. Wako wanaodhani kwamba ilizaliwa mbali, penye baridi, ikasukumwa ndani baadaye na mwenzi mzito. Mwenzi huyo ametafutwa, na hadi sasa hajathibitishwa.