Shokapu za Mbele za Pikipiki na Njia Mbovu

Jina la Kariakoo, katika mji wa Dar es Salaam, latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliotumiwa na Waingereza katika vita ya 1914 hadi 1918, ambacho kilipiga kambi mahali pale. Wapagazi wale walichukua mizigo kwa vichwa na mabega. Siku hizi mpagazi wa mjini na wa shamba ni pikipiki. Huchukua magunia na abiria, na katika vijiji vingi ndiyo imchukuayo mgonjwa usiku kwenda hospitali. Kwa hiyo yafaa tujue namna ya kuitunza miguu ya mpagazi huyu, yaani shokapu za mbele, kwa kuwa ndizo zikutanazo na shimo kwanza.

Kila mguu wa mbele una mabomba mawili, moja huingia ndani ya jingine. Ndani yake mna springi na mafuta. Wengi hudhani kwamba kazi yote ni ya springi, lakini sivyo. Springi hubeba uzito na kulirudisha gurudumu chini. Mafuta, kwa kupita kwa shida katika matundu madogo, huituliza springi isirukeruke. Mafuta yakipungua, pikipiki huruka mara mbili tatu baada ya kila shimo, na gurudumu likiwa hewani halitii breki wala usukani. Hapo ndipo watu huanguka. Maarifa haya si mapya: mwaka 1935 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki iitwayo R 12, yenye shokapu za mabomba zitulizwazo kwa mafuta, na pikipiki nyingi za kazi zitokazo India na China zafuata njia iyo hiyo.

Sasa twataka kueleza makosa mawili yanayofanywa mara nyingi. La kwanza ni kuweka kipande kirefu cha bomba juu ya springi ili shokapu "ikaze". Kipande kile huinua upande wa mbele, lakini hakiifanyi springi kuwa na nguvu zaidi. Mtu aliyesimama juu ya kigoda amekuwa mrefu, hakupata nguvu mpya. La pili ni kutia springi ngumu mno kwa sababu pikipiki huchukua abiria. Uzito wa abiria huangukia zaidi gurudumu la nyuma, wala si la mbele. Springi ikiwa ngumu kupita kiasi haimezi shimo. Pigo lote hupanda mikononi mwa mpandaji, na beringi za usukani huharibika upesi.

Basi mwenye kutaka shokapu njema kwa njia mbovu na afuate utaratibu huu.

Kwanza, atengeneze kilichochakaa kabla ya kubadili chochote. Atazame kama mafuta yanavuja penye sili. Sili ni kitu kidogo, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta: mafuta yakivuja yaweza kufika penye breki, na mchanga ukiingia hukwaruza bomba, hata kila sili mpya ikararuka. Tena aangalie beringi za usukani na upepo wa tairi, kwa maana tairi nayo ni springi.

Pili, amwage mafuta ya zamani. Pikipiki iliyopita katika maji mengi, kama yale yafurikayo katika bonde la Msimbazi pale Jangwani wakati wa masika, yaweza kuwa na maji ndani ya shokapu. Mafuta yake huwa na rangi ya maziwa. Atie mafuta safi ya shokapu, kipimo kile kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki, sawasawa katika miguu yote miwili. Asitie mafuta machafu yaliyotoka katika injini. Na kabla ya kufungua kifuniko cha juu, gurudumu la mbele liinuliwe kwanza, kwa kuwa springi hukisukuma kifuniko na yaweza kumjeruhi fundi.

Tatu, apime. Katika pikipiki nyingi za kazi, mwendo wote wa shokapu ni kama milimita 120. Gurudumu likiwa limeinuliwa, funga uzi penye bomba la ndani, karibu kabisa na sili. Ishushe pikipiki polepole, mpandaji akae kama akaavyo siku zote, kisha ashuke na gurudumu liinuliwe tena. Nafasi iliyo kati ya sili na uzi ndiyo kadiri shokapu ilivyolala. Iwe robo hata theluthi ya mwendo wote, yaani milimita 30 hadi 40. Ikizidi, ongeza juu ya springi kipande cha milimita 10, kisha pima tena. Ikiwa kipimo ni chema lakini shokapu bado hugonga chini penye mashimo, hapo ndipo pa kutafuta springi yenye nguvu kidogo zaidi. Springi zibadilishwe zote mbili pamoja.

Nne, ajaribu. Ashike breki ya mbele, asukume usukani chini kwa nguvu, kisha auachie. Shokapu njema hupanda mara moja na kutulia.

Spea nyingi za pikipiki zitumikazo vijijini hununuliwa katika maduka ya Kariakoo. Mwenye kumtuma mtu huko na ampe sili na springi ya zamani kuwa mfano, pamoja na aina na mwaka wa pikipiki. Sili iliyopungua milimita moja tu haitazuia mafuta. Wala asikubali bomba lililopinda linyoshwe kwa moto na kuchomelewa, kwa kuwa chuma kilichochomwa hupoteza nguvu zake na chaweza kukatika njiani.

Twawaomba walimu na wazee wa vijiji wawasomee vijana waendeshao pikipiki maneno haya. Gharama ya sili mbili na mafuta kidogo ni ndogo kuliko gharama ya mguu uliovunjika, na mgonjwa abebwaye usiku hana njia ya kukagua shokapu ya pikipiki impelekayo hospitali.