Mali Iliyotangulia Ndoa

Wachumba wanaoandikisha ndoa Kigali huulizwa na ofisa wa serikali jambo ambalo wenzao wa Bujumbura hawaulizwi: mali yenu mnataka ikaeje? Sheria ya Rwanda ya mwaka 1999 iliwapa njia tatu, nayo ya 2016 ikazirudia: kuchanganya kila kitu, kuchanganya kile tu watakachochuma wakiwa pamoja, au kila mmoja kubaki na chake. Ukivuka mto Rusizi kutoka Burundi kuelekea Uvira, Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 nayo inazo hizo tatu. Sisi Burundi tuna Sheria ya Watu na Familia ya 1980, iliyorekebishwa Aprili 1993. Imesema mengi juu ya kufunga ndoa na kuivunja, na imewapa mume na mke usimamizi wa pamoja wa mali ya familia, ingawa mume ndiye aliyetajwa kuwa kichwa cha nyumba. Lakini haikuwapangia wachumba mifumo ya mali ya kuchagua. Sheria ya mirathi na mali ya wanandoa imezungumzwa kwa miaka mingi ikiwa rasimu, na pengo hilo linazibwa na mila.

Kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba mkataba wa mali kabla ya ndoa ni mambo ya Wazungu. Sikubaliani nao. Msingi wa mikataba yetu ni amri ya tarehe 30 Julai 1888, tuliyorithi kutoka Kongo ya wakati wa mfalme Leopold, nayo inasema makubaliano halali ni sheria kwa walioyafanya. Watu wazima wawili wanaweza kukaa na wakili au noteri wakaandika nani anaingia na nini. Wasichoweza ni kujiondolea wajibu ambao sheria imeuweka: matunzo ya watoto hayafutwi kwa saini, wala wajibu wa kusaidiana.

Kwa kuwa sheria imenyamaza, nguvu kubwa ya karatasi hiyo mbele ya jaji ni ushahidi. Kwa maoni yangu, sehemu yake muhimu kuliko zote ni orodha ya mali. Chukua mfano wa mwanamke mwenye duka la vitenge soko la Ruvumera, Bujumbura, anayeolewa akiwa tayari amenunua parseli (kiwanja) mtaa wa Kinama. Aandike namba ya parseli na tarehe aliyoinunua, thamani ya bidhaa zilizomo dukani siku ya kuandika orodha, fedha anazowadai wateja, deni analodaiwa na aliyemletea mzigo, na zamu yake katika ikirimba, chama cha kuchangiana fedha kwa zamu. Mchumba naye aandike yake, pamoja na madeni. Watu husahau madeni, na deni la siri ndilo linalogombanisha nyumba mwaka wa kwanza.

Orodha peke yake haitoshi, kwa sababu mali hubadilika umbo. Mwanamke huyo akiuza parseli ya Kinama mwaka wa tatu wa ndoa, fedha zikajenga nyumba ya matofali kwenye itongo, yaani ardhi ya ukoo, la baba mkwe huko kilimani, amefanya jambo la upendo ambalo linaweza kumwacha mikono mitupu. Ardhi ya ukoo hupita kwa wanaume. Siku ya ugomvi mashemeji watasema nyumba imesimama kwenye ardhi ya baba yao, na watakuwa wanasema kweli. Hapo panahitajika waraka wa pili, wenye saini ya mume, unaotaja kiasi kilichotoka kwenye parseli na kilichofanywa nacho, pamoja na risiti za saruji na mabati. Afadhali zaidi mjenge kwenye kiwanja mlichonunua wenyewe, na hati ya ardhi ibebe majina yenu mawili. Najua ni vigumu kumwambia mume mpya hivyo. Ni vigumu zaidi kumwambia jaji bila karatasi.

Waislamu wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, wana faida moja na hatari moja. Katika dini yao mali ya mke ni yake, na masharti yanaweza kuingizwa kwenye mkataba wa nikahi. Ila serikali ya Burundi inatambua ndoa iliyofungwa mbele ya ofisa wa komine tu. Nikahi isiyofika komine inamwacha mke bila haki za mke mbele ya mahakama, hata kama sheikh na mtaa mzima ni mashahidi. Ndivyo ilivyo kwa kila anayeishi na mwenzake bila kuandikishwa, watu ambao mwaka 2017 serikali iliwataka wahalalishe ndoa zao kabla ya mwaka kwisha.

Kifo nacho kina njia yake. Msidhani mkataba wa wachumba utazuia ukoo kudai mirathi kwa mila. Kinachomsaidia mjane ni jina lake kwenye hati ya ardhi.

Mkataba unaweza pia kuwa silaha ya mwenye nacho. Majirani zetu wameliona hilo. Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Sheria ya Kenya ya 2013 inaruhusu mkataba kabla ya ndoa, lakini mahakama inaweza kuutupa ukionekana umejaa ulaghai, shuruti au dhuluma ya wazi. Basi anayeandika kwamba kila kitakachopatikana kitakuwa chake, huku mwenzake akipika na kulea miaka ishirini, asitegemee huruma ya jaji.

Msitie saini juma la harusi, wakati inkwano (mahari) imeshatolewa na wageni wako njiani. Nani atathubutu kukataa? Anzeni miezi kadhaa kabla, kila mmoja na mshauri wake. Mikataba mingi mjini huandikwa kwa Kifaransa. Kama mmoja wenu hasomi Kifaransa vizuri, mwambieni noteri ausome kwa Kirundi au Kiswahili, sharti kwa sharti, na aandike chini kwamba alifanya hivyo. Kila mmoja achukue nakala yake, na nakala ya tatu ibaki kwa noteri.