Sambusa Haina Kosa: Kosa ni Maji na Mikono

Ndugu msomaji, asubuhi hii umekunywa nini? Huenda umekunywa chai. Huenda chai hiyo umeinywa na chapati. Ukienda mnadani utakuta sambusa, bajia na kachori. Ukialikwa arusini utakula pilau na kachumbari. Vyakula hivi tumevizoea, navyo ni vyetu. Lakini vingi vilitoka mbali. Vilitoka Bara Hindi, yaani upande wa nchi ambazo leo zinaitwa India, Pakistani na Bangladeshi.

Ninaandika habari hii kwa sababu ya jambo lililotokea kwetu Mbebe wakati wa mvua.

JAMBO LENYEWE

Mimi ni tabibu msaidizi katika zahanati. Siku moja, baada ya siku ya mnada, baba mmoja alifika kabla jua halijachomoza. Alikuwa amembeba mtoto wake wa miaka 6. Mtoto alikuwa ameharisha na kutapika usiku kucha. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Mdomo ulikuwa umekauka. Alilia, lakini machozi hayakutoka. Nilivuta ngozi ya tumbo lake kwa vidole, nikaiachia. Ikarudi polepole. Hizo zote ni dalili za mtu aliyepungukiwa na maji mwilini. Mtoto wa namna hiyo anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Kabla ya saa sita mchana walifika wagonjwa wengine 4. Wote walikuwa wamekula sambusa za mama mmoja pale mnadani.

Maneno yakaenea haraka. Wengine walisema, "Ni pilipili." Wengine walisema, "Hicho ni chakula cha Wahindi, matumbo yetu hayakukizoea." Wengine walitaka mama yule asionekane tena mnadani. Mama huyo ni mjane. Sare na madaftari ya watoto wake hutoka katika karai lile lile la sambusa.

Je, maneno hayo yalikuwa ya kweli? Kwanza tutazame vyakula hivi vilifikaje kwetu. Kisha tutarudi kwa mama yule.

VYAKULA HIVI VILIFIKAJE?

Kwa mamia ya miaka majahazi ya Bara Hindi yalikuja pwani yetu kwa upepo wa kaskazi, yakarudi kwa upepo wa kusi. Wafanyabiashara kutoka Gujarati na Kachi walikaa Unguja, Bagamoyo na Mombasa. Walileta nguo na viungo. Walileta pia mapishi ya kwao.

Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walijenga reli kutoka Mombasa mpaka Ziwa Viktoria. Walileta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Wengi walirudi kwao, lakini maelfu walibaki. Wahindi wengine walifungua maduka mpaka katika miji midogo ya bara. Maneno kama chapati, bajia, kachori, achari, karai na gari yametoka katika lugha zao. Neno sambusa lenyewe lina asili ya Uajemi. Chakula hicho kilisafiri kutoka huko kikafika Arabuni, Bara Hindi na kwetu.

Kila mahali watu walivipika kwa namna yao. Unguja kuna urojo. Ni mchuzi mzito wa unga, wenye manjano na uchachu wa embe au ndimu. Ndani yake hutiwa bajia, kachori na viazi. Huko Uganda chapati hukunjwa pamoja na mayai ya kukaanga, na huitwa Rolex. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia kutoka Uganda. Watu walikwenda, lakini chapati ilibaki. Wahindi wengi waliotoka Afrika Mashariki walihamia Uingereza. Nao walichukua chakula chetu. Muhogo wa kukaanga huuzwa katika hoteli za Kihindi mjini London, nao wanauita "mogo".

Kwetu huku vyakula hivi vimefika kwa njia ya barabara kuu na kwa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Pale Tunduma madereva wa malori husubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde. Wakati wakisubiri hununua chai, chapati na sambusa kwa mama lishe. Chakula hakiulizwi pasi mpakani. Kikipendwa mjini, kesho kimefika kijijini.

CHAKULA CHENYEWE SI KIBAYA

Bajia hupikwa kwa unga wa dengu au kwa kunde. Hivyo ni vyakula vya kujenga mwili, hasa kwa watoto. Kunde tunalima wenyewe. Sambusa ina nyama, au viazi, au dengu. Tangawizi na vitunguu havimdhuru mtu mzima. Tena sambusa inayotoka sasa hivi katika mafuta ya moto haina vijidudu vilivyo hai. Moto mkali huviua. Vijidudu hivyo ni vidogo sana, hatuvioni kwa macho. Lakini ndivyo vinavyoleta kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu.

Basi wagonjwa wale waliugua kwa nini? Nilikwenda kwa mama yule nikatazame.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunifungia biashara?"

"Hapana mama. Nimekuja kutazama unavyopika, ili tujifunze wote."

Alipika mbele yangu. Nyama iliiva vizuri. Mafuta yalikuwa ya alizeti, masafi. Sambusa ziligeuka rangi ya kahawia pande zote. Sikuona kosa hapo. Lakini baada ya hapo niliona mambo 4:

1. Nyanya na vitunguu vya kachumbari vilioshwa kwa maji ya kijito yasiyochemshwa. Juu ya kijito hicho palikuwa na choo kilichobomoka, na mvua ilikuwa ikisomba uchafu mpaka majini.

2. Wateja wote walinawa katika beseni moja. Maji ya mtu wa kwanza ndiyo maji ya mtu wa ishirini.

3. Mkono uliopokea pesa ndio uliotoa sambusa.

4. Sambusa zilizobaki jana zilichanganywa na za leo bila kupashwa moto.

Sikuwa na chombo cha kupima yale maji. Lakini njia ya uchafu kufika mdomoni ilikuwa wazi. Kinyesi kiliingia kijitoni, maji ya kijito yakaingia katika kachumbari, na kachumbari haipiti motoni. Sambusa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ni maji na mikono.

Wala kosa halikuwa la mama huyo peke yake. Choo kilichobomoka hakikuwa chake. Mnadani hapakuwa na mahali pa kunawa. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipojifunza kwa redio na kuchimba vyoo kijiji kwa kijiji. Kazi ile haikwisha mwaka ule. Kila mvua hutukumbusha. Jirani zetu wa Zambia walipata mlipuko mkubwa wa kipindupindu ulioanza mwaka 2023 na kuendelea mwaka 2024. Zaidi ya watu 700 walikufa. Sisi tulio karibu na mpaka tusilale.

DAWA ILIYOTOKA HUKO HUKO

Mtoto yule alipona. Dawa iliyomponya ni maji, chumvi na sukari. Dawa hiyo nayo tumeipata kutoka Bara Hindi, kama tulivyopata chapati.

Mwaka 1968 wataalamu huko Dhaka walionyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kunyweshwa maji yenye sukari na chumvi, na tumbo lake likayapokea. Mwaka 1971 palikuwa na vita vya kuundwa kwa Bangladeshi. Mamilioni ya watu walikimbilia India. Katika kambi ya Bongaon kipindupindu kiliua watu wengi. Maji ya kutundika kwenye mshipa yakaisha. Dakta Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa maji hayo kwa vikombe. Ndugu za wagonjwa ndio waliowanywesha. Mwanzoni walikuwa wakifa karibu wagonjwa 30 katika kila 100. Baadaye walikufa chini ya 4 katika kila 100. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani liliieneza dawa hiyo ulimwenguni kote.

Zahanati hutoa pakiti za ORS. Changanya kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu ya pakiti. Ukikosa pakiti, tengeneza hivi:

- Chukua maji safi lita 1, yaliyochemshwa na kupoa.
- Tia sukari vijiko vya chai 6. Sawazisha kila kijiko, kisiwe na kichuguu.
- Tia chumvi nusu ya kijiko cha chai. Usizidishe. Chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto.
- Koroga mpaka viyeyuke.

Kila mara mtoto anapoharisha, mpe kinywaji hiki kidogo kidogo. Aliye chini ya miaka 2 apate robo mpaka nusu kikombe. Aliyezidi miaka 2 apate nusu mpaka kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Usimpe soda wala chai yenye sukari nyingi badala ya kinywaji hiki, maana huweza kuzidisha kuhara. Mwahi zahanati, hasa akiwa hawezi kunywa, amelegea, anaharisha damu, au anaharisha maji mengi kama maji ya mchele. Endelea kumnywesha njiani.

MAMBO YA KUFUATA

Wewe unayeuza:

- Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika na kila utokapo chooni.
- Weka kibuyu chirizi na sabuni kwa ajili ya wateja. Ondoa beseni la pamoja.
- Osha mboga za kachumbari kwa maji yaliyochemshwa. Kipindupindu kikiingia, acha kuuza kachumbari mpaka kiishe.
- Toa sambusa kwa koleo au uma. Pesa apokee mtu mwingine.
- Funika chakula, nzi wasitue.
- Chakula kilichopoa kwa zaidi ya saa 2 kisiuzwe.
- Mafuta yakiwa meusi, yakitoa povu au harufu mbaya, yamwage. Yameharibika.
- Usifungie sambusa kwa gazeti, hata gazeti hili. Wino huingia katika chakula. Lisome, kisha mpe jirani naye asome.

Wewe unayekula:

- Nawa kwanza kwa maji yanayotiririka.
- Nunua iliyo moto. Iliyopoa iache.
- Juisi ya miwa na vinywaji vyenye barafu uvitazame kwa makini. Barafu ya maji machafu ni maji machafu.

SUKARI, MAFUTA NA CHAI

Vyakula hivi vina hatari nyingine, nayo huja polepole. Sambusa, bajia na chapati vina mafuta mengi. Jalebi, ladu na halua vina sukari nyingi. Usivile kila siku. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe vijiko vya chai 12 vya sukari kwa siku, na ni bora zaidi visizidi 6. Hesabu sukari ya chai, ya soda na ya maandazi pamoja. Vikombe 3 vya chai, kila kimoja vijiko 4, tayari ni vijiko 12. Sukari na mafuta kupita kiasi huleta unene, na unene huchangia ugonjwa wa kisukari na shinikizo la damu.

Tena chai ikinywewa pamoja na chakula, huuzuia mwili kupata madini ya chuma yanayojenga damu. Mama mjamzito angoje saa moja au zaidi baada ya kula ndipo anywe chai. Mtoto mdogo apewe uji wenye maziwa au karanga zilizosagwa. Chai ya rangi na kipande cha chapati si chakula cha kumkuza.

MWISHO

Mama yule amerudi mnadani. Serikali ya kijiji ilikubali vibuyu chirizi viwekwe pale, na mwenye choo kibovu alichimba kingine mbali na kijito. Wiki iliyopita nilinunua sambusa 2, moto kabisa. Mama akanizuia mkono.

"Daktari, umenawa?"

Sikuwa nimenawa. Nilirudi kwenye kibuyu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA DARASA LENU

1. Kwa nini kachumbari ilikuwa na hatari kuliko sambusa?
2. Taja vipimo vya maji, sukari na chumvi kwa ajili ya mtu anayeharisha.
3. Je, mnada au soko la kijiji chenu lina mahali pa kunawa mikono? Kama hakuna, nani atajenga, na lini?